Maneno Waliyonitia Mdomoni

Niliiona sura yangu ukutani Kibiti siku nilipokwenda kwa dada yangu, aliyekuwa akimwoza binti yake. Nilikuwa nimetoka kwetu Mbwera kwa mashua mpaka Nyamisati, na kutoka Nyamisati nikapata lori lililopakia mpunga. Niliposhuka Kibiti nilikuwa vumbi tupu. Dada yangu hakunipa hata nafasi ya kunawa miguu. Alinipa kikapu akaniambia, "Kimbia dukani kabla hawajafunga kwenda kusali, iliki imekwisha."

Duka lenyewe lilikuwa la Mwarabu mmoja ambaye babu zake walifanya biashara mtoni Rufiji tangu zamani. Alikuwa mtu wa salamu ndefu na mzaha mwingi. Pembeni mwa mlango wake palibandikwa karatasi kubwa ya rangi, mpya, gundi yake bado inanuka. Juu yake mwanamke alikuwa akicheka mdomo wazi, kichwa amekitupa nyuma, ushungi umemteleza mabegani. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua lakini anafanana na jamaa yako. Kisha nikaona kovu chini ya kidevu. Kovu lile nililipata utotoni, nilipoangukia jiko la mama yangu. Nikaitazama kanga yake, ni kanga yangu ya Idi. Nikashika kidevu changu pale pale barabarani.

Mkononi yule mwanamke alishika chupa ya dawa. Chupa ile sikupata kuishika maishani mwangu. Waliichora, na vidole walivyoviweka kuizunguka havikuwa vidole vyangu. Chini yake kulikuwa na maneno. Miye nilisomea chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nilijua herufi za Kiarabu, lakini hizi za shule sikuzijua. Nikamuuliza mwenye duka, "Hapa pameandikwa nini?"

Alinitazama, akatazama ukutani, akanitazama tena. Mzaha ukamtoka usoni.

"Bibie, usiniulize mimi."

"Nisomee."

Akasoma kwa sauti ya chini, lakini wanaume waliokaa kwenye benchi walisikia: "Mume wangu amerudia ujana wake. Mpe na wako."

Ilikuwa dawa ya nguvu za kiume. Mmoja wa wale wa kwenye benchi alicheka, akajikohoza kuficha. Nilivua kanga ya juu, nikaitundika juu ya lile bango kwa misumari iliyokuwa pale, nikasimama mbele yake. Mwenye duka akaniomba niiondoe. Alisema bango si lake, ameletewa na wakala wa kampuni ya dawa, na akilitoa hatapelekewa bidhaa tena. Nikamwambia sura si ya wakala. Akajibu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kama angenitukana: "Leo unafunika hili moja. Yapo Utete, yapo Mohoro, yapo Dar es Salaam. Una kanga ngapi?"

Picha yenyewe niliikumbuka mara moja. Msimu uliopita, mpunga ulipoanza kukomaa, nilikuwa shambani naamia ndege. Kwetu deltani mpunga unalindwa mchana kutwa. Unajengewa dungu, jukwaa la miti juu ya nguzo, unakaa humo unapiga kelele na kurusha udongo ndege wasitue. Bwana Shamba alikuja kwa boti akiwa na mpiga picha mwenye studio yake huko Dar es Salaam. Akatuambia, "Tunataka kuwaonyesha watu wa mjini jinsi mpunga wa Rufiji unavyolimwa." Nilikubali. Sikukataa hata kidogo, maana nilijivunia shamba langu. Jirani yangu wa dungu la pili alinitania kuhusu mume wangu, nikacheka, na mashine ya picha ikalia kwenye kicheko hicho. Bwana Shamba naamini alisema kweli yake. Mpiga picha alipofika mjini ndiye aliyeona kwamba kicheko kile kina mnunuzi.

Harusi ya binti wa dada yangu nilikaa jikoni muda wote. Niliporudi Mbwera habari ilikuwa imeshanitangulia.

Mume wangu alikuwa mkata boriti. Kazi ile inamtaka mwanamume akae matopeni mpaka mapajani, akate mikoko, aivute mpaka penye maji, aipakie majahazini. Hakuwa msemaji. Tulikuwa tumekaa miaka kadhaa katika ndoa bila mtoto, na watu walikuwa wameshaanza kuuliza kwa macho, wanawake wakinitazama tumbo na wanaume wakimtazama yeye. Sasa waliacha kuuliza kwa macho. Wapakiaji wenzake walimwita Kijana. "Kijana, shika huku! Kijana, umeamkaje?" Alibeba boriti zake.

Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alikuja nyumbani na wazee wawili wa ukoo. Hakukubali kukaa mkekani.

"Mwanamke hauzi siri ya mumewe mjini kisha akarudi kula wali wake," alisema. "Ama amelipwa, atuonyeshe alicholipwa, ama amejitoa bure, na hiyo mbaya zaidi. Mwache."

Mume wangu alinigeukia mbele yao. "Nakuuliza mara moja tu. Walikupa chochote?"

"Hawakunipa."

"Uliwaambia habari yoyote ya nyumba yangu?"

"Nilicheka, basi. Hata neno sikusema."

Akamgeukia kaka yake, akamwambia, "Umesikia." Shemeji akasema kusikia si kuamini. Mume wangu akajibu, "Miye nimeamini. Kilichobaki ni huyo aliyemtia maneno mdomoni." Shemeji aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu baadaye hakukanyaga uani kwetu.

Sitaki mtu adhani kwamba kuamini kwa mume wangu kulifuta kila kitu. Alihama kwenda kambi ya wakataji, akakaa huko bila kurudi hata Ijumaa. Aliporudi alikuwa amekonda. Nilimpakulia chakula, nikamwambia, "Nimeamua kwenda kwa Bwana Shauri." Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita Mzungu mkuu wa wilaya aliyekaa Utete. Mume wangu alinawa mikono, akala, akamaliza, ndipo akasema, "Tutakwenda wote. Ukienda peke yako watasema nimekuacha."

Utete tulisubiri barazani pamoja na wenye kesi za mipaka na za nguruwe walioharibu mashamba. Zamu yetu ilipofika nilieleza yote. Mkalimani, Mndengereko mwenzetu aliyevaa kanzu safi, alitafsiri. Bwana Shauri alisikiliza vizuri tu, hakuwa mtu wa ukali. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema picha ni mali ya aliyeipiga," mkalimani alituambia.

"Muulize, na aliyepigwa je?"

Mkalimani aliuliza. Bwana Shauri akainua mabega.

"Anasema aliyepigwa hakupoteza kitu. Uso wake bado anao."

Nilisema, "Mwambie uso ninao, lakini siwezi tena kwenda nao Kibiti." Sijui kama alilitafsiri vile nilivyolisema. Tulipotoka, mkalimani alitufuata mpaka chini ya ngazi, akatuambia harakaharaka kwamba Dar es Salaam yuko wakili mmoja Mhindi, mzaliwa wa huko huko, anayesikiliza kesi za watu wanyonge. Akatueleza mtaa na rangi ya mlango. "Msiseme nimewatuma miye," alisema.

Tulikwenda baada ya mavuno. Gharama tulielewana na wakili kwa namna yetu, na hilo si la kusimulia hapa. Alikuwa mzee mwembamba, Kiswahili chake cha Kariakoo, chumba chake juu ya duka la vitambaa kimejaa vitabu mpaka dirishani. Tulikuwa tumebandua bango moja njiani, akalitandaza mezani. Alinitazama mimi, akalitazama bango, kisha akamtazama mume wangu kwa heshima, bila lile tabasamu tulilolizoea.

"Mama, nikwambie ukweli kwanza, halafu tuone tutapita wapi," alianza. "Hapa Tanganyika tunafuata sheria ya Mwingereza. Mwingereza hana sheria inayosema sura ya mtu ni yake. Anayo sheria ya shamba, ya nyumba, ya ng'ombe. Ya sura hana."

"Nani anayo?" niliuliza.

Aliegemea kiti. Nadhani hakuna mteja aliyepata kumuuliza hivyo, maana aliinuka, akavuta vitabu viwili, akavipangusa vumbi kwa kiganja.

"Wamarekani wanayo, na Wajerumani wanayo. Lakini hawakuipata kwa njia moja, wala haifanani."

Akaanza na Marekani. Alisema zamani kidogo huko alikuwepo msichana ambaye sura yake ilibandikwa kwenye matangazo ya unga bila yeye kujua, yakatundikwa madukani na hata vilabuni mwa pombe. Msichana akalala kitandani kwa fedheha, akashitaki.

"Akashinda?" aliuliza mume wangu. Ndilo neno lake la kwanza mle ndani.

"Akashindwa. Majaji wengi walisema sheria ya namna hiyo haipo. Lakini watu waliposoma hukumu wakakasirika, wakapiga kelele, na jimbo lile likatunga sheria kwa ajili ya yule aliyeshindwa."

Hilo nililishika. Mpaka hapo nilidhani mimi ndiye mwanamke wa kwanza duniani kupatwa na jambo lile. Kumbe alikuwepo mwingine ng'ambo ya bahari, wa unga, na alikuwa amelala kitandani kama mimi nilivyojificha jikoni.

Wakili aliendelea. Alisema siku za karibuni Wamarekani wamekwenda mbali zaidi. Kampuni za pipi za kutafuna ziligombania picha za wachezaji mpira, na majaji wakasema sura ya mtu ina thamani sokoni kama shamba. Mwenyewe anaweza kuikodisha au kuiuza, na aliyeinunua anaweza kumzuia mwingine asiitumie.

"Hiyo ni nzuri kwa mchezaji mpira," alisema. "Kwako wewe watauliza, sura ya mkulima wa Mbwera ingepata bei gani? Wakikuta ni ndogo, na haki yako itakuwa ndogo."

"Na Wajerumani?"

"Kwa Mjerumani ni habari nyingine. Kiongozi wao mmoja mkubwa alipokufa, wapiga picha waliingia nyumbani kwake kwa siri wakapiga picha ya maiti yake kitandani, wakataka kuiuza."

"Astaghfirullah," alisema mume wangu.

"Wajerumani nao walisema hivyo kwa lugha yao. Wakatunga sheria kwamba picha ya mtu haitangazwi bila ridhaa yake, na akifa, jamaa zake wanailinda kwa miaka kumi. Na baada ya vita hii kubwa iliyopita wameandika juu kabisa ya sheria zao kwamba utu wa mtu hauguswi. Majaji wao sasa wanasema sura, jina, hata barua yako, ni sehemu ya utu wako. Mtu anaweza kuruhusu itumike, lakini hawezi kuiuza ikamtoka kabisa, kama asivyoweza kuuza heshima yake. Hawaulizi kwanza bei. Wanauliza, ulikubali?"

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi yake alikuwa mtu wa Ngarambe. Alimlea kwa habari za vita vya Maji Maji, jinsi ndugu zake walivyonyongwa hadharani, na jinsi Mjerumani mmoja alivyosimamisha mashine ya picha mbele ya waliofungwa minyororo shingoni kabla hawajapandishwa kitanzini.

"Wakili," alisema taratibu, "Wajerumani walitawala hapa. Sheria hiyo waliiweka wapi?"

Wakili alifunga kitabu. "Waliondoka nayo," alisema. "Na hata walipokuwapo, bwana, hawakuwa wameileta kwa ajili yenu."

Chini tulisikia mtu akipima kitambaa na mwenzake akibishana naye.

Nikasema, "Sheria nzuri haiharibiki kwa sababu aliyeitunga alikuwa mbaya kwetu. Miye nataka hiyo. Sitaki bei, nataka niulizwe kama nilikubali."

"Hiyo siwezi kukupa, mama. Mahakama ya hapa haitaipokea." Akagonga bango kwa kidole, pale kwenye maneno. "Lakini Mwingereza naye ana mlango wake mdogo. Hana sheria ya sura, ana sheria ya uongo unaovunja heshima ya mtu. Bango hili linasema mambo mawili. Linasema mumeo ni mgonjwa. Na linamwambia kila anayeliona kwamba wewe umekubali kulitangaza hilo kwa kulipwa. Yote mawili ni uongo. Tutapita hapo."

Ndivyo tulivyopita. Aliandika hati ya madai kwa majina yetu sote wawili, akaipeleka mahakamani, na nakala kwa kampuni.

Tuliporudi Mbwera nikagundua kwamba nina mimba.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, usoni pa mume wangu niliona kitu ambacho sijapata kukiona tangu tuoane. Lakini tumbo lilipoanza kuonekana, kijiji kizima kilipata jibu lake. Dawa imefanya kazi! Mtu mmoja kutoka Mohoro alifika kwetu kwa miguu na mtumbwi, na aliposalimu tu akauliza chupa inauzwa wapi. Mwenye duka wa Kibiti alituma kusema kwamba watu wanaigombania. Nilikaa uani nimejishika tumbo, nikaona kwamba hata huyu aliye ndani wameshamchukua. Walinichukua kicheko kwanza, kisha wakachukua heshima ya mume wangu, na sasa mtoto ambaye hajavuta pumzi alikuwa shahidi wao.

Mama mkwe wangu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa upande wa mwanawe mkubwa, alikuja kunisaidia kutwanga. Katikati ya kutwanga akasema, "Ungeiacha kesi sasa. Mungu amekuletea, wewe unatafuta nini tena?"

"Mama, mtoto huyu akizaliwa na hali hii, ataitwa mtoto wa chupa. Nataka azaliwe wa baba yake."

Aliacha kutwanga. "Basi usipande mashua peke yako," alisema. Safari zilizofuata alikwenda nami.

Kampuni nayo ilisikia habari ya mimba. Walimtuma wakala wao, kijana mtanashati wa mjini, akatukuta ofisini kwa wakili. Aliniamkia vizuri, akamwamkia mama mkwe wangu "shikamoo bibi", akaketi amekunja mguu.

"Mama, sisi hatukutaka ugomvi," alisema. "Kampuni inakiri ilipaswa kukutafuta mapema. Sasa tunakupa mkataba. Utalipwa kwa picha ya kwanza, na mtoto akizaliwa salama tutapiga nyingine, wewe, mume na mtoto. Utalipwa kila mwaka inapotumika. Utajenga nyumba ya bati. Huko Marekani watu wanaipigania nafasi kama hii."

"Ndiyo, wakili ametueleza habari ya Marekani," nilisema. "Sura ni kama shamba."

"Hasa, mama! Hasa."

"Basi shamba hili haliuzwi wala halikodishwi."

Alidhani nataka kupandisha bei, akaongeza. Nikamwambia anaongeza mahali pasipo na kitu. Akamgeukia mume wangu, kama wanaume wanavyofanya wanapochoka na mwanamke. "Bwana, wewe ndiye kichwa cha nyumba. Ongea na mkeo."

Mume wangu alimtazama muda. Mikono yake ilikuwa mezani, ile mikono iliyopasuka kwa chumvi na magome. "Uso ni wake," alisema. "Mimi nasema kwa ajili ya jina langu tu. Na mimi nasema hapana."

Nikampa wakala masharti yetu. Mabango yote yabanduliwe. Ile filamu ambayo picha zote zilitoka humo irudishwe mikononi mwangu. Na tamko lisomwe kwa sauti Kibiti, siku ya gulio, mbele ya duka lile, kwamba sikukubali, sikulipwa, na mume wangu hakupata kuitumia dawa yao. Wakala alisema kampuni haiwezi kujidhalilisha namna hiyo gulioni. Akaondoka.

Wakili alinikalisha, akanionya. Hakimu anaweza kuona kwamba hakuna uongo uliosemwa, ni picha tu ya kuchekesha. Tukishindwa, gharama za kampuni zitatuangukia. "Na usitegemee sana hao Wajerumani," aliongeza. "Hata kwao, ukiwa mdogo ndani ya picha ya shamba kubwa, huna la kusema. Watadai ulikuwa sehemu ya mandhari."

"Uso wangu ulijaza ukuta," nilisema. "Shamba ndilo walilolikata."

"Sawa," alisema wakili. "Utayasema hayo hayo kwa hakimu."

Siku ya kesi nilivaa buibui jipya na tumbo langu limeshakuwa zito. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye miwani, wakili wa kampuni Mzungu vilevile. Yule wakili alilishika bango kama mtu anayeshika shati zuri.

"Hii ni picha mbaya?" aliniuliza kupitia mkalimani.

"Si mbaya."

"Unaonekana mwenye furaha. Mzuri. Unaona haya ya sura yako?"

Niliinua kidevu ili hakimu alione kovu. "Sura yangu nimepewa na Mungu, siionei haya. Naona haya ya maneno mliyonitia mdomoni. Mimi niliambiwa ni picha ya mpunga. Mpunga mmeukata, chupa mmeichora, na mume wangu mmemfanya mgonjwa mbele ya watu aliokulia kati yao. Kama maneno yale ni yangu, mwambieni aliyenisikia nikiyasema aje hapa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza wakili wa kampuni kama anaye shahidi wa kuthibitisha kwamba mwanamke huyu aliridhia. Wakili alisema mpiga picha amesafiri. Hakimu akauliza kama ipo karatasi. Haikuwapo. Akauliza, kwa sauti ya ukavu, kama kampuni ina daktari aliyemtibu mume. Watu waliokaa nyuma walicheka, na kwa mara ya kwanza kicheko hakikuwa cha kutucheka sisi. Kesi ikaahirishwa.

Kabla ya siku ya kurudi, wakala alipanda ngazi za wakili wetu peke yake, akaketi bila kukunja mguu. Walikubali.

Basi hukumu haikutoka. Wakili alinieleza hilo waziwazi, kwamba kwa kuwa tumepatana, hakuna neno lililoandikwa katika sheria, na mwanamke mwingine atakayepatwa na haya itambidi aanze mwanzo. Lilinisikitisha, na linanisikitisha hata leo. Nilimuuliza kama nikatae, nisubiri hukumu. Alinitazama tumbo. "Mama," alisema, "yule msichana wa unga alisubiri. Aliyepata sheria ni wengine. Wewe chagua." Nilichagua mtoto wangu azaliwe na jina safi.

Filamu ililetwa katika bahasha. Niliiinua dirishani. Uso ulikuwa mweusi mahali pa weupe na mweupe mahali pa weusi, meno kama makaa. Mume wangu aliitazama begani mwangu, akasema kwa sauti ya kunisikia mimi tu, "Ungeniruhusu, wangenitolea nakala moja tu. Isiyo na chupa. Siku ile ulikuwa unacheka vizuri."

Alikuwa mtu wa kwanza katika safari ile yote kuniuliza. Nilitaka kumkubalia. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa karatasi, nikamwambia, "Mwenyewe nipo. Nichekeshe." Alicheka yeye. Wakili akatupa kibiriti, tukaichoma kwenye kisahani chake cha majivu, ikawaka upesi na kunuka vibaya.

Siku ya gulio Kibiti nilisimama mbele ya duka, mume wangu kulia kwangu, mama mkwe kushoto, dada yangu nyuma na wanawake wa mtaa wake. Wakala alipanda juu ya sanduku la sabuni, akasoma tamko lote. Akasoma kwamba mwanamke huyu hakuiruhusu picha yake itumike kwenye tangazo, hakulipwa, hakusema maneno yale, na mumewe hakuwa na ugonjwa wala hakuitumia dawa hiyo, na kampuni inawaomba radhi wote wawili. Alipomaliza, mzee mmoja asiyesikia vizuri aliomba lisomwe tena. Wakala akamtazama wakili wetu, aliyekuja kushuhudia, wakili akamwonyesha karatasi kwa kidole, basi akasoma tena, na safari hii kwa sauti zaidi. Wale wa kwenye benchi walitazama chini. Mwenye duka alileta kisu akakwangua ukuta mwenyewe, kipande kwa kipande, na alipofika kwenye uso alinigeukia. "Niwie radhi, bibie," alisema. Nikamwambia amalize.

Shemeji yangu hakuwapo gulioni, lakini kesho yake tulipofika nyumbani tulimkuta uani, ameleta kambale wawili wakubwa katika utungo.

"Shemeji, nilisema maneno," aliniambia.

"Ulisema."

"Sikuujua ukweli."

"Hukuuliza."

Alikubali kwa kichwa, akaketi mkekani, nikaenda kuwasha moto.

Nilijifungua mtoto wa kike mwanzo wa mvua. Alizaliwa na sauti kubwa, akakua mwepesi wa akili, anafanana na baba yake kwa kila kitu. Sitasema kwamba yote yalikwisha. Tamko lilisomwa Kibiti, halikusomwa kila kisiwa cha delta, na utani wa watu hauna mahakama. Mpaka mwanangu anakua wapo waliomwita kwa jina la ile dawa, wengine kwa ubaya, wengine kwa mazoea tu, wakidhani ni jina zuri la kumtania mtoto. Nilizunguka nyumba moja moja kuwaeleza. Wengi waliacha. Wachache hawakuacha, na kwa hao sikuwa na wakili.

Mwanangu alipoanza kutembea nilimkalisha mbele yangu nikamwambia jina lake, lile alilopewa na baba yake siku ya saba, nikalirudia mara nyingi mpaka akaweza kulitamka. Kisha nikamfundisha kwamba akiitwa kwa jina lingine lolote, na mtu yeyote, hata mkubwa, hata kwa kicheko, asigeuke. Alikuwa mtoto mtiifu kwa mengi na mkaidi kwa hilo moja. Walimwita njiani, walimwita kisimani, walimwita akiwa mgongoni kwa baba yake. Hakuitika.